UZI: Admirali James Somerville, kutoka Mers-el-Kébir hadi Kilindini. Kazi yake, familia yake, na redio iliyomfuata maisha yote

#1 Nanga_ya_Chuma

Wakuu, salaam.

Kila uzi wa Vita Kuu ya Pili ukifunguliwa humu, wanatajwa Montgomery, Rommel na Mountbatten. Anayesahaulika ni mtu aliyeziamuru manowari za Uingereza katika Bahari ya Hindi zilipokuwa zimetia nanga Kilindini: Admirali Sir James Fownes Somerville. Hoja yangu naiweka mezani mapema. Huyu kabla ya kuwa mtu wa mizinga alikuwa mtu wa redio, na ukifuatilia kazi yake utaona karibu kila ushindi na kila fedheha imepitia kwenye ujumbe uliofika au uliochelewa.

Alizaliwa 17 Julai 1882 huko Weybridge, Surrey. Ukoo wa babake ni wa Dinder, kijiji kilicho karibu na mji wa Wells, Somerset. Mamake alitoka Tasmania. Januari 1897 akaingia meli ya mafunzo Britannia, akiwa na miaka 14. Umri huo usiwashangaze, ndivyo maofisa wa majini walivyokuwa wakichukuliwa enzi hizo.

Alipopata uluteni mwaka 1904, redio ya majini ilikuwa bado changa. Akaingia fani ya topido, yaani bomu linalokwenda lenyewe majini kuifuata meli, na fani hiyo ndiyo iliyobeba mambo yote ya umeme melini, redio ikiwemo. Kwenye vita vya Dardanelles, Uturuki, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, alishughulikia mawasiliano ya redio ya kikosi, na mwaka 1916 akapewa nishani ya kijeshi ya DSO. Akawa kapteni mwisho wa 1921, na mwaka 1925 akawekwa kuwa mkuu wa idara ya mawasiliano makao makuu ya jeshi la majini. Mwaka 1938 akapelekwa kuongoza kikosi cha Uingereza cha East Indies, yaani cha Bahari ya Hindi.

Hapo ndipo madaktari walipomkatia njia. Mwaka 1939 walishuku ana kifua kikuu, akarudishwa nyumbani na kustaafishwa. Zingatieni hili, kwa sababu karibu vita vyote alivyopigana baada ya hapo alivipigana jina lake likiwa kwenye orodha ya wastaafu. Hata cheo cha admirali kamili alichokipata Aprili 1942 kilikuwa cha mstaafu. Alirudishwa rasmi kwenye orodha ya walio kazini Agosti 1944.

Naendelea.

#2 Nanga_ya_Chuma

Vita vilipoanza aliitwa tena, akapewa kusukuma kazi ya rada za manowari, halafu Mei 1940 akamsaidia Admirali Ramsay kuwaondoa wanajeshi Dunkirk. Mwezi uliofuata akapewa Kikosi H, kundi la manowari lililokaa Gibraltar. Kazi yake ya kwanza pale ndiyo iliyomchafua mbele ya Wafaransa hadi leo.

3 Julai 1940, bandari ya Mers-el-Kébir, Algeria. Ufaransa imeshasalimu amri, na London inaogopa meli zake zisije zikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Somerville anafika na manowari Hood, Valiant na Resolution, pamoja na Ark Royal, meli ya kubeba ndege. Admirali Gensoul, mkuu wa meli za Ufaransa pale, anapewa barua yenye njia nne: jiunge nasi mpigane, au leta meli bandari ya Uingereza zikiwa na mabaharia wachache, au zipelekeni Martinique zikanyang'anywe silaha, au zizamisheni wenyewe ndani ya saa sita.

Sasa tazameni mawasiliano yalivyoharibika. Somerville alimtuma Kapteni Holland, anayejua Kifaransa vizuri. Gensoul akaona kapteni ni mdogo mno kwake, akakataa kuonana naye, maneno yakawa yanapitia kwa msaidizi. Saa zikaliwa hapo. Kubwa zaidi, Gensoul alipowapigia ripoti wakuu wake hakuitaja kabisa njia ya Martinique. Wakuu wakajua tu kwamba wameambiwa wajiunge au wazamishwe, wakaamuru meli nyingine zije kumsaidia. Waingereza wakaunasa ujumbe huo, London ikamwambia Somerville amalize haraka. Saa 11:54 jioni akafyatua. Bretagne ikalipuka na kupinduka na watu wake. Strasbourg ikaponyoka hadi Toulon. Tarehe 6 ndege zikarudi kuimalizia Dunkerque, na jumla ya Wafaransa waliokufa ni 1,297.

Barua kwa mkewe zinaonyesha aliona aibu, na aliliita jambo lile kosa kubwa la kisiasa. Hakujificha nyuma ya amri.

#3 mwana_kisauni

Mkuu nondo hizi. Lakini kama alikuwa mtaalamu wa redio hivyo, ilikuwaje ndege zake zikaishambulia meli yake mwenyewe siku ya kuisaka Bismarck, ile manowari ya Wajerumani?

#4 Tezi_na_Omo

Nijibu hilo wakati mleta uzi anapumua.

26 Mei 1941. Somerville yuko kwenye manowari Renown, pamoja naye Ark Royal na kruza Sheffield. Baada ya Bismarck kuonekana, aliiagiza Sheffield kwa taa itangulie kuifuatilia. Ark Royal ilikuwa mbali kidogo, ikirusha na kupokea ndege, haikuuona ule mwanga. Taarifa iliifikia kwa redio katika msimbo, na makarani walikuwa na rundo la ujumbe mbele yao, hawakuujua uzito wake. Marubani 14 wa Swordfish, ndege za kubeba topido, wakaondoka saa 8:50 mchana wakiwa wameambiwa meli pekee iliyo mbele ni adui. Rada zao zikaona meli, wakashuka mawinguni na kuachia topido.

Kilichoiokoa Sheffield ni mambo mawili. Nahodha wake alikata kona kwa ustadi bila kujibu kwa mizinga. Na vifyatulio vya sumaku kwenye topido vilikuwa vibovu, kadhaa zikalipuka zilipogusa maji tu, kwa sababu mawimbi makubwa yalikuwa yakizitikisa.

Aibu ile ikageuka kuwa jaribio la bure. Topido za safari ya pili zikafungwa vifyatulio vya kugonga, vile visivyolipuka mpaka viguse chuma. Ndege 15 zikaondoka jioni. Topido moja ikaipiga Bismarck upande wa tezi na kuukwamisha usukani ukiwa umekatwa kushoto. Tangu hapo meli ile kubwa ya Hitler ikawa inazunguka tu, kesho yake asubuhi manowari za Admirali Tovey wa Uingereza zikaimaliza.

Kwa hiyo mwana_kisauni, jibu ni kwamba mtaalamu mmoja juu hatoshi. Ujumbe ule ulikosa alama ya dharura, basi.

#5 Nanga_ya_Chuma

Asante mkuu, umenipunguzia kazi. Niongeze kwamba Somerville alikuwa admirali aliyepanda Swordfish mwenyewe akiwa na miaka karibu 60, akae nyuma ya rubani aone kazi yao ilivyo. Marubani walimpenda kwa hilo.

Mengine ya Kikosi H nayapita haraka. 27 Novemba 1940 alipambana na Waitaliano karibu na Spartivento, akaacha kuwafukuza ili alinde msafara wa Malta. London ikaunda tume ya kumchunguza kabla hata hajarudi bandarini! Tume ikamsafisha. 9 Februari 1941 akaupiga mji wa Genoa, Italia, kwa mizinga ya inchi 15. Risasi moja ya manowari yake Malaya iliingia kanisa kuu la San Lorenzo na haikulipuka.

Mwaka huohuo akapewa heshima ya "Sir" mara ya pili, kwa nishani tofauti na ile ya 1939. Rafiki yake Cunningham akamtumia salamu za utani zinazochezea neno la Kiingereza la shujaa aliyepewa cheo hicho, knight, ambalo likitamkwa halina tofauti na neno la usiku, night. Yaani akamshangaa mzee wa umri ule kuweza mara mbili. Hawa wawili walikuwa wakitaniana kwenye mawimbi ya redio ya vita kama watani wa jadi.

#6 BiRukia_Mapwani

Naomba Ark Royal isiachwe. Wengi husema topido moja iliizamisha meli mpya kama ile, wanaona ni mkosi tu. Mkosi haukuwepo, kulikuwa na uchoraji mbaya na maamuzi mabaya.

Topido ya nyambizi U-81 iliipiga 13 Novemba 1941 saa 9:41 alasiri, upande wa kulia, wakati Gibraltar haikuwa mbali. Umeme wote wa meli ulitegemea mvuke wa boila, hapakuwa na jenereta za dizeli za akiba. Maji yakazima boila, umeme ukakatika, pampu zikafa. Halafu mabomba ya moshi yalipita kwa ulalo chini ya ghala la ndege. Meli ilipoinama, maji yakapitia humo na kuvuka hadi vyumba vya boila vya upande mwingine. Na nahodha, kwa kukumbuka meli nyingine iliyozama haraka na watu wengi, aliwaondoa mabaharia mapema. Walioondoka waliacha milango na vifuniko wazi, na kwa muda hapakuwa na mafundi wa kutosha kuzuia maji.

Ikazama kesho yake saa 12:13 asubuhi. Aliyekufa ni baharia mmoja. Nahodha Maund akashtakiwa mahakama ya kijeshi na kupatikana na hatia ya uzembe. Meli zilizofuata zikawekewa jenereta za dizeli.

#7 mwana_kisauni

Haya tufike kwetu sasa. Kilindini ilikuwaje? Wazee wa Mombasa wanasema bandari ilijaa manowari.

#8 Nanga_ya_Chuma

Machi 1942 Somerville alichukua Kikosi cha Mashariki, Singapore ikiwa imeshaangukia mikononi mwa Wajapani mwezi uliotangulia. Alichokabidhiwa ukikitazama kwenye karatasi kinatisha: manowari kubwa tano na meli tatu za kubeba ndege. Kwenye maji ni kingine. Nne kati ya zile tano, Resolution, Ramillies, Royal Sovereign na Revenge, zilikuwa za Vita Kuu ya Kwanza. Zilikuwa za polepole, hazibebi mafuta ya safari ndefu, na maji safi huziishia haraka. Boila hainywi maji ya chumvi, kwa hiyo meli ikikosa maji safi safari imekwisha. Hermes nayo ilikuwa ndogo na ndege zake chache.

Akagawa kikosi. A kikawa cha meli zenye mwendo: Warspite, Indomitable na Formidable. B kikawa cha wazee. Mpango wake ulikuwa huu: mchana kaa nje ya uwezo wa ndege za Wajapani, usiku sogea, tuma ndege za Albacore zenye rada zikapige topido gizani, kwa sababu Wajapani hawakuwa na rada melini.

Wavunja misimbo walimwambia Wajapani wangefika Ceylon (Sri Lanka ya leo) karibu 1 Aprili. Akawangoja kusini ya kisiwa tangu 31 Machi hadi usiku wa 2 Aprili. Hawakutokea. Wazee wakaanza kukosa maji, akaenda nao Addu, visiwa vya Maldives, bandari ya siri ambayo Wajapani hawakuijua. Akaziruhusu Dorsetshire na Cornwall kwenda Colombo, Hermes Trincomalee. 4 Aprili jioni rubani Mkanada, Birchall, akaziona kutoka angani meli za Nagumo, admirali wa Japani. Somerville alikuwa mbali. Siku ya Pasaka, 5 Aprili, Colombo ikapigwa, na Dorsetshire na Cornwall zikazamishwa na ndege. Walikufa 424, waliookolewa baharini 1,122. Tarehe 9 ikawa zamu ya Hermes.

#9 Kasa_Mkubwa

Kwa ufupi alitoroka. Admirali mwenye manowari tano anakimbilia Mombasa, halafu tunamwita shujaa?

#10 Tezi_na_Omo

Kasa, piga hesabu kwanza. Nagumo alikuwa na Akagi, Soryu, Hiryu, Shokaku na Zuikaku, ndege takriban 300 na marubani waliotoka Pearl Harbor. Ndege zote za Somerville hazikufika 100, na Albacore ni ndege ya mbawa mbili ngazi mbili, mchana mbele ya Zero, ndege ya kivita ya Kijapani, ni kuku. Angekutana nao mchana angepoteza kila kitu, na njia ya mafuta ya Ghuba pamoja na njia ya Suez kupitia pwani yetu zingebaki wazi.

Lawama ninayoikubali ni moja. Alipoona tarehe imepita, aliamini taarifa nzima ilikuwa ya uongo, akatawanya meli. Taarifa ilikuwa sahihi, siku ndiyo zilikosewa.

#11 Nanga_ya_Chuma

Nakubaliana na Tezi kwa asilimia kubwa.

Ndiyo sababu ya Kilindini: maji ya kina kirefu ndani ya mkono wa bahari, mbali na Wajapani, karibu na njia ya misafara. Wazee wanne wakatangulia, na Kilindini ikawa makao ya kikosi. Kambi ya nchi kavu iliitwa HMS Tana, kwa kuwa Waingereza huipa kambi jina kama vile ni meli. Viwanja vya ndege za jeshi la majini navyo vikapewa majina ya Kiswahili: Kipanga Mombasa, Kilele Tanga, Korongo Nairobi.

Mei 1942 Kikosi cha Mashariki kililinda uvamizi wa Diego Suarez, Madagascar, ili Wajapani wasiupate mlango wa Msumbiji. Baadaye brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, askari wa KAR (King's African Rifles), ikashiriki kuimaliza kazi hiyo nchi kavu. 30 Mei nyambizi ndogo ya Kijapani ikapenya bandarini humo, ikaijeruhi Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta.

Na sasa redio. Wavunja misimbo wa Colombo walihamishiwa Mombasa, wakawekwa kwenye shule ya Allidina Visram, inayotazama bahari. Tatizo likawa la umbali: mawimbi ya redio za Kijapani yalifika pwani yetu yamedhoofika, ujumbe mwingi ukasikika nusunusu. Hata hivyo Novemba 1942 wakafungua msimbo wa meli za biashara za Japani, JN-40. Karani mmoja wa Kijapani alituma ujumbe akasahau kuandika meli ilipo, akautuma upya kwa ufunguo uleule. Ujumbe mmoja kwa sura mbili ni zawadi kwa mfumbuzi, unaulinganisha na mwenzake mpaka unaona herufi zinavyohamishwa. Mwaka 1943 wakarudi Colombo, kusikia vizuri zaidi.

#12 BiRukia_Mapwani

Usipoitaja Khedive Ismail uzi huu haujakamilika kwa watu wa huku.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara KR 8 uliondoka Kilindini kwenda Colombo: meli tano za askari, zikilindwa na kruza Hawkins, na baadaye destroya, yaani manowari ndogo za mbio, Paladin na Petard. Khedive Ismail ilibeba watu 1,511, kati yao 996 wa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi. 12 Februari mchana, karibu na Maldives, nyambizi I-27 ikaipiga topido mbili. Ilizama kwa muda usiofika dakika tatu, na waliokuwa chini hawakuwa na nafasi ya kupanda.

Nyambizi ikajificha chini ya watu waliokuwa wakielea. Destroya zikaangusha mabomu ya kina hapohapo, na baadhi ya walionusurika wakafa kwa mabomu ya wenzao. I-27 ilipoibuka, Paladin ikaisogelea ikachanwa ubavu, na Petard ikarusha topido mojamoja hadi ya saba ikaipata. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Ondoa hao kwenye 1,511 unabaki na 1,297, hesabu ileile ya Wafaransa wa Mers-el-Kébir. Imetokea tu hivyo, lakini inashtua.

Ulinzi ulikuwa mwembamba kwa sababu kikosi cha Somerville kilikuwa kimenyofolewa meli muda mrefu: Formidable na Indomitable ziliondoka 1942, Illustrious mwanzo wa 1943, na destroya zikawa zinaitwa Mediterania kila kukicha.

#13 mwana_kisauni

Poleni wote wenye ndugu humo. Na familia ya admirali je?

#14 Nanga_ya_Chuma

Alimwoa Mary Kerr Main mwaka 1913, binti wa kanali. Watoto wawili: binti, Rachel, na mwana, John. Kwa Mary aliandika barua karibu kila siku akiwa baharini, zikiwa na hasira, utani na majina ya kejeli kwa wakubwa wa London. Zimehifadhiwa Churchill College, Cambridge. Nyaraka rasmi zinakuambia alichoamuru, barua zinakuambia alichokihofia.

John naye aliingia jeshi la majini, kisha akahamia GCHQ, idara ya serikali ya mawasiliano ya siri. Mjukuu wa admirali ni Julia Somerville, mtangazaji wa habari aliyejulikana sana kwenye televisheni ya Uingereza. Babu redio, mwana misimbo, mjukuu habari. Mimi sijalazimisha.

Mwisho wa kazi yake: Aprili 1944, pamoja na meli ya Kimarekani Saratoga, ndege zake ziliipiga Sabang, kwenye Indonesia ya leo iliyokuwa mikononi mwa Wajapani, Mei Surabaya, Julai Sabang tena. Hakuelewana na Mountbatten, mkuu wa majeshi ya Washirika Asia ya Kusini-Mashariki, juu ya nani anaamuru kikosi, na Agosti akampisha Admirali Bruce Fraser. Akapelekwa Washington kuongoza ujumbe wa jeshi la majini, akapatana na Admirali King wa Marekani, aliyesifika kwa kutowapenda Waingereza. 8 Mei 1945 akapandishwa cheo cha juu kabisa cha majini. Agosti hiyohiyo, siku chache baada ya Japani kusalimu amri, Mary akafariki. Mzee aliishi Dinder, akawa mwakilishi wa mfalme Somerset kuanzia 1946, akafariki huko 19 Machi 1949.

#15 Kasa_Mkubwa

Haya nimeelewa, narudisha neno "alitoroka". Swali moja: kuna namna ya kumtafuta mtu aliyekuwa Khedive Ismail?

#16 BiRukia_Mapwani

Ipo, Kasa. Ingia tovuti ya tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola, sehemu ya kutafuta waliokufa. Tarehe ya kifo weka 12/02/1944. Kwenye kikosi andika East African Artillery, usianze na namba 301, kwa kuwa rekodi nyingine hazina namba. Jina acha wazi mara ya kwanza. Askari wengi wa Kiafrika wameandikwa jina moja tu, na karani aliandika alivyosikia: Juma anaweza kuwa Jumah, Mwangi akapotea herufi. Pitia orodha kwa macho, kisha linganisha namba ya askari na karatasi yoyote iliyobaki nyumbani, barua ya pensheni au cheti cha medali. Namba haibadiliki hata jina likiharibika.

Wasio na kaburi wameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Rekodi itakupa namba ya safu, chukua namba hiyo kabla hujaenda.